Koili ya antena isiungue tena: mwongozo kamili wa kulinda risiva ya zamani jirani na transimita

Kisa ni kile kile kila mara. Mtu kapata risiva ya valvu (redio ya kupokea ya zamani, inayotumia taa za kioo badala ya transista), Racal RA-17 au Eddystone au Drake 2-B, kaisafisha, kabadilisha kapasita, inaimba vizuri kabisa, afu siku anabonyeza transimita yake (redio ya kurushia) ya wati 100 mezani hapo hapo na kesho yake risiva imekuwa kiziwi. Ukimuuliza ulikuwa umeilinda? Anakwambia ndiyo, niliweka dayodi mbili.

Dayodi mbili peke yake hazitoshi, na leo nataka tumalizane na hili jambo.

Valvu yenyewe ni ngumu, inavumilia mengi. Kinachokufa ni koili ya antena, ile ya kwanza kabisa baada ya soketi, waya mwembamba kama nywele ambao ulitengenezwa kupokea mikrovolti. Mkondo ukipita mwingi waya unapata moto, gamba linaungua, basi. Na koili ya risiva ya miaka 60 huikuti dukani, itabidi usuke mwenyewe kwa mkono au ununue mzoga wa risiva nyingine.

Kuna mambo mawili watu wanayaamini na yanawaponza. La kwanza, "nilikuwa nimeizima". Koili haijui kama redio imezimwa au imewashwa, imeunganishwa na antena muda wote, inaungua vile vile na swichi ikiwa chini. La pili, "niliweka mute". Mute inanyamazisha sauti, na kwenye risiva nyingi inafunga valvu za RF na IF (zile zinazokuza mawimbi), ila mkondo kwenye koili unaendelea kupita kama kawaida, we huusikii tu.

Kwa hiyo ulinzi wote lazima ukae MBELE ya koili, na lazima uzuie mkondo, sio volti peke yake.

## Vifaa

Tafuta vyote kwanza ndo uanze, maana wengi wanaharibu pale wanapokosa kitu kimoja wakaweka kinachofanana nacho.

- Dayodi 1N4148, nunua 10, bei yake ndogo. Usiweke 1N4007 kwenye njia ya mawimbi, nitaeleza.
- Globu ndogo ya dashibodi ya gari, 12V 1.2W, ile ya T5. Lazima iwe ya waya wa ndani, SIO LED. Chukua tatu.
- Tyubu ya gesi ya 90V ya kulinda laini. Ukikosa, taa ya neoni ndogo ile ya kwenye tester ni afadhali kuliko kukosa kabisa.
- Rezista: moja ya 10 kΩ nusu wati, nne za 100 Ω wati 1, moja ya 68 Ω wati 1, moja ya 4.7 kΩ, moja ya 470 Ω, na 10 kΩ nyingine ya kipimo.
- Kapasita ya seramiki 10 nF, na mbili za 1500 pF kama utajenga filta.
- Dayodi moja ya jamani, yaani germanium, 1N34A au 1N60. Kwenye mizoga ya redio za mkulima zimo.
- Relei ya 12V, ile ya bluu ya kawaida, SRD-12VDC, inakula kama 30 mA.
- Transista 2N2222 au BC337, na 1N4007 moja (hii ina kazi yake halali, kwenye koili ya relei).
- Kopo la bati. La kahawa linafaa sana kwa sababu bati linashika risasi ya kulehemu. Plastiki hapana.
- Soketi mbili za koaksi, SO-239 au BNC, na kebo ya RG-58.

Globu nenda maduka ya spea za magari, Gerezani pale Dar au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, mwambie muuzaji kabisa unataka ya zamani ya waya, na uishike mkononi uone ule uzi ndani kabla hujalipa. Kuhusu kebo, RG-6 ya king'amuzi haina shida kwa mawimbi, ila ngao yake (ule wavu wa nje) ni alumini, risasi haikamati, watu wanalehemu inakaa kama imeshika afu baada ya wiki imeachia. Chukua RG-58.

## Onyo kabla hujagusa kitu

Nisomeni hapa taratibu tafadhali.

Risiva ya valvu ina volti 200 na zaidi ndani, na kapasita zinabaki na chaji hata ukichomoa plagi. Kazi yetu yote ya leo iko nje ya risiva, huna sababu ya kufungua.

Ila kuna aina moja ni hatari hata kwa nje. Risiva ndogo zisizo na transfoma, mfano Hallicrafters S-38, chesisi yake inaweza kuwa imeunganishwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Zilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 117, kwetu tunazitumia na stepdown, na stepdown nyingi za madukani ni za koili moja, hazitenganishi chochote, zinapunguza tu volti. Sasa we unataka kuunganisha kopo la bati na chesisi ya namna hiyo, afu kopo lina waya wa ardhi. Unaweza kufa. Redio ya aina hii itumike na transfoma ya kutenganisha yenye koili mbili, ukikosa hiyo usiendelee.

## Hatua ya 1: Hakikisha koili bado hai

Chomoa risiva umeme, chomoa antena. Weka multimita kwenye Ω ndogo kabisa, pima kati ya kituo cha antena na ardhi yake.

Ukipata Ω chache, au makumi, koili iko hai. Ukipata hakuna njia kabisa, usikimbilie kulia, baadhi ya risiva zina kapasita kabla ya koili na hapo multimita lazima ionyeshe hivyo. Angalia mchoro wa mfano wako. Kama mchoro unaonyesha koili inaenda ardhini moja kwa moja na multimita haioni kitu, imeshakatika. Pima kwenye kila bendi (kundi la masafa, mfano mita 80 au mita 40) ukizungusha swichi, kwa sababu kwenye risiva nyingi kila bendi ina koili yake, na inaungua ile uliyokuwa umesimama juu yake siku hiyo. Ndo maana mtu anasema "mita 80 inasikia vizuri ila mita 40 imekufa".

Andika namba zote kwenye karatasi ubandike nyuma ya redio. Siku ukiwa na wasiwasi unalinganisha dakika moja.

## Hatua ya 2: Mpime adui

Hii ndo hatua inayorukwa na kila mtu. Unajenga ulinzi dhidi ya nini kama hujui ukubwa wake?

Tengeneza kipimo hiki: chukua rezista mbili za 100 Ω uziweke sambamba, unapata 50 Ω, unganisha kati ya waya wa kati wa koaksi na ngao. Toka waya wa kati weka dayodi ya jamani, upande wa pili wa dayodi weka 10 nF kwenda ardhini, na hapo hapo toa waya kupitia 10 kΩ kwenda multimita, DC volti. Hiyo 10 kΩ inapunguza mawimbi kupanda kwenye waya za multimita na kukudanganya.

Unganisha antena ya RISIVA kwenye kipimo hiki, risiva yenyewe iwe pembeni imechomolewa. Transimita iwe wati 10 tu, kwa CW (ile ya Morse) au FM, mawimbi ya kukaa sawa, sio SSB (ya kuongea) maana inapanda na kushuka na sauti yako. Bonyeza sekunde tatu, soma.

Ulichosoma ongeza 0.2 kwa ajili ya dayodi, hiyo ni volti ya kilele. Hesabu ni rahisi: kilele mara kilele, gawa kwa 100, unapata wati. Volti 1 ni miliwati 10. Volti 3 ni miliwati 90. Volti 10 ni wati 1 kamili, inayoenda kwenye koili iliyozoea mikrovolti. Na kumbuka umepima kwa wati 10, ukipandisha hadi 100 volti inazidishwa mara 3 na kidogo.

Pima kila bendi unayotumia, matokeo yanatofautiana sana, antena inaweza kuwa mpole mita 80 na mkali mita 20.

Mimi naamua hivi, kwa nguvu kamili ya transimita:

Chini ya volti 1, kisanduku cha hatua ya 4 kinatosha. Kati ya 1 na 10, kisanduku pamoja na relei, usibishane. Juu ya 10, usiunganishe kitu chochote kwanza, nenda hatua ya 3.

## Hatua ya 3: Tenganisha antena

Hakuna dayodi inayoshinda umbali. Kama antena ya risiva imening'inia sambamba na ya transimita mita tano mbali, umejenga transfoma ya hewani.

Isogeze iwe mbali uwezavyo, ikae pembe mraba na ile ya kurushia, na kama ya kurushia ni dipole (waya wenye mikono miwili, kebo katikati) basi weka ya risiva ikae upande wa ncha ya dipole, sio ubavuni. Koaksi mbili zisifungwe pamoja kwenye bomba moja hadi ndani. Ukimaliza rudia kipimo. Mimi kwenye kiwanja kidogo cha mjini nilishusha toka volti 14 hadi 4 kwa kugeuza waya tu, bila kununua chochote.

Wanaotumia antena MOJA kwa kurusha na kupokea: kwenu relei ya antena iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ni lazima, na kisanduku chetu kinakaa upande wa risiva peke yake, baada ya relei hiyo. Ukikiweka kati ya transimita na antena utachoma globu, dayodi na pengine na transimita yenyewe.

## Hatua ya 4: Jenga kisanduku

Mpangilio toka antena kwenda risiva uwe huu, usibadilishe:

1. Soketi ya antena.
2. Tyubu ya gesi, toka waya wa kati kwenda ardhini.
3. Rezista 10 kΩ, toka waya wa kati kwenda ardhini.
4. Globu, inakaa NJIANI, mawimbi yapite ndani yake.
5. Dayodi, toka njia kwenda ardhini.
6. Soketi ya risiva.

Sasa sababu. Rezista ya 10 kΩ inamwaga chaji inayojikusanya kwenye waya wa antena, siku za upepo mkavu au wingu la mvua antena ndefu inaweza kujaa chaji hadi cheche zikaruka. Kwa mawimbi unayopokea haipunguzi chochote cha maana, 10 kΩ mbele ya 50 Ω haionekani. Tyubu ya gesi inafyatuka kwenye 90V, inashika yale makubwa ya ghafla. Peke yake haifai kwa sababu 90V ni nyingi mno kwa koili, ndo maana kuna dayodi nyuma yake.

Globu ndo roho ya kisanduku. Ikiwa baridi ina kama 12 Ω, ukipokea kawaida unapoteza kama desibeli 1, kwenye HF (masafa mafupi) huisikii maana kelele za angani ni kubwa kuliko hiyo. Mkondo ukizidi uzi unapata moto na upinzani unapanda hadi 120 Ω, yaani inajibana yenyewe, afu mkondo ukipungua inarudi ilivyokuwa. Ukizidi kabisa inakatika, umepoteza globu ya bei ndogo badala ya koili. Juu ya yote INAWAKA, inakuonyesha kwa macho kwamba kuna tatizo. Fyuzi ya kioo haikwambii kitu, na fyuzi ya 1A waliyoweka wengi inangoja hadi koili iwe majivu.

Na dayodi bila globu? Zinabeba mkondo wote peke yake, zinaungua, na dayodi ikiungua inaweza kukatika kimya kimya. Unabaki unaamini umelindwa na hujalindwa.

Dayodi ziwe hivi: mbili mfululizo zikielekea upande mmoja, na mbili mfululizo zikielekea upande wa pili, seti mbili hizo zikae sambamba. Jumla nne. Michoro mingi inaonyesha mbili tu, moja kila upande, nayo inafanya kazi, inabana kwenye 0.6V. Nne zinabana kwenye 1.2V ambayo bado ni salama kwa koili, na zinachelewa zaidi kuanza kukuletea mawimbi ya mzimu, tutayafikia.

Kwa nini sio 1N4007? Ilitengenezwa kwa umeme wa 50 Hz, ni nzito kufunga na kufungua kwenye MHz, na ina kapasitansi kubwa inayomeza mawimbi ya juu. 1N4148 inafunga ndani ya nanosekunde 4 na kapasitansi yake haizidi 4 pF.

Kulehemu: miguu ya dayodi iwe mifupi, ardhi zote ziende kwenye bati la kopo sehemu moja pana. Dayodi za kioo hazipendi moto mrefu, sekunde mbili tatu inatosha, shika mguu na koleo ili moto usipande. Globu usiifunike, toboa tundu dogo kwenye kopo mbele yake ili uone ikiwaka.

## Hatua ya 5: Kagua kwa multimita

Kisanduku kiwe peke yake, hakijaunganishwa popote.

Waya wa kati wa antena hadi waya wa kati wa risiva: karibu 10 hadi 15 Ω, hiyo ni globu baridi. Waya wa kati hadi ardhi: karibu 10 kΩ. Ukipata 0, umegusisha risasi mahali. Weka multimita kwenye alama ya dayodi, pima toka soketi ya risiva hadi ardhi, unapata kama 1.1 hadi 1.2, geuza waya za multimita upate hiyo hiyo. Upande mmoja ukisoma na mwingine hausomi, umegeuza dayodi moja, hili kosa nalikuta sana. Multimita nyingine za bei nafuu hazifiki 1.2V kwenye alama ya dayodi, hapo pima kila dayodi peke yake, 0.6.

Usiendelee hadi namba hizi zikubali.

## Hatua ya 6: Ongeza relei

Kisanduku chenyewe ni kinga ya dharura, relei ndo mlango. Inakaa kati ya rezista ya 10 kΩ na globu.

Unganisha hivi: mguu wa katikati wa relei (COM) uende kwenye globu. NO (unaogusana na COM relei ikipata umeme) uende kwenye antena. NC (unaogusana na COM relei ikikosa umeme) uende ardhini. Yaani relei ikikosa umeme, risiva iko ardhini, na inapokea pale tu unapoipa 12V. Watu wanafanya kinyume kwa sababu wanaona vibaya relei kula 30 mA muda wote wa kusikiliza. Ila fikiria umeme umekatika, au umesahau kuwasha sapraya ya 12V, au waya umechomoka, kwa mpangilio wangu risiva iko salama katika hali zote hizo, na kwa mpangilio wao iko uchi. 30 mA ni bei ndogo.

Transimita nyingi zina waya unaoenda ardhini wakati wa kurusha. Tunautumia hivi: emita ya transista ardhini, kolekta kwenye upande mmoja wa koili ya relei, upande wa pili wa koili kwenye 12V. Besi ipate 12V kupitia 4.7 kΩ. Na ule waya wa transimita uguse besi. Ukipokea, besi inapata mkondo, relei inavuta. Ukibonyeza kurusha, besi inapelekwa ardhini, relei inaachia, risiva inakaa ardhini.

Hakikisha waya huo wa transimita ni mguso mkavu, hauna volti zake mwenyewe. Pima kwanza. Transimita za zamani zina volti za ajabu kwenye soketi za nyuma.

Sambamba na koili ya relei weka 1N4007, mstari wake ukielekea 12V, ikiwa mfululizo na 470 Ω. Dayodi inazuia teke la volti lisiue transista, na hiyo 470 Ω inafanya relei iachie haraka, kwa sababu dayodi tupu inaichelewesha, na hapa kuachia ndo kinga yenyewe.

Relei inachukua milisekunde kadhaa. Kama transimita yako ni ya kisasa, ingia kwenye menyu uweke ucheleweshaji wa TX (kurusha), milisekunde 15 au 20. Kama ni ya zamani, tumia swichi ya mguu, kanyaga kwanza, hesabu moja, ndo ugonge ufunguo wa Morse. Zile milisekunde za katikati globu na dayodi zinashika, ndo maana havitolewi hata ukiwa na relei.

## Hatua ya 7: Mute, kwa ajili ya masikio

Huu sio ulinzi, ni starehe, lakini ukisharusha na risiva inapiga kelele utatamani kuuweka. Risiva nyingi zina vituo viwili vya mute au standby nyuma. KABLA hujavigusa, pima volti kati ya kila kimoja na chesisi, kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni. Kwenye baadhi ya redio swichi ya standby inakata umeme mkubwa wa valvu, kwa hiyo vituo hivyo vinaweza kuwa na mamia ya volti.

Ukikuta volti ndogo, tumia relei ya pili inayoendeshwa na transista ile ile. Usijaribu kufanya mute kwa transista moja kwa moja. Ukikuta volti kubwa achana nayo, punguza RF gain (kitufe cha usikivu) kwa mkono.

## Hatua ya 8: Jaribio la kweli

Risiva bado pembeni. Unganisha kipimo cha hatua ya 2 kwenye soketi ya RISIVA ya kisanduku, antena upande wake.

Kwanza relei iwe imepewa umeme kwa makusudi hata wakati wa kurusha (chomoa waya wa besi toka transimita), yaani tunaigiza relei iliyoganda. Rusha wati 5. Soma. Panda 10, 25, 50, 100, sekunde tatu tatu. Mwanzoni volti itapanda, afu ifike mahali igome, karibu 1 hadi 1.4, hata ukiongeza nguvu haiendi. Globu itaanza kuwa nyekundu kwa mbali, hiyo sawa. Ikiwaka kama taa ya dashibodi usiku, umefika kwenye wati 1 hivi, hapo ni mpaka wake, rudi hatua ya 3.

Volti ikiendelea kupanda kupita 2, simama. Dayodi haijashika au umeiunganisha upande wa antena wa globu.

Afu rudisha waya wa besi, rusha tena na relei ikifanya kazi. Sasa multimita isome karibu na sifuri na globu isiwake hata kidogo. Ukiona hivyo kwenye bendi zote, unganisha risiva.

## Hatua ya 9: Ukisikia mizimu

Baada ya kufunga kisanduku, kuna wanaonipigia wakisema sasa nasikia kituo cha AM katikati ya mita 40, ulinzi wako mbovu. Sio ubovu. Dayodi ikipata vituo viwili vikubwa kwa pamoja inavichanganya na kuzaa masafa mapya ambayo hewani hayapo.

Namna ya kujua: tengeneza kipunguzi cha desibeli 10, 100 Ω ardhini, 68 Ω njiani, 100 Ω ardhini. Kiweke kati ya antena na kisanduku. Kituo cha kweli kinashuka desibeli 10, kwenye S-mita (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye risiva) kama alama moja na nusu au mbili. Mzimu unaporomoka desibeli 20 au 30, mara nyingi unapotea kabisa. Kama umepotea, umezaliwa kwenye kisanduku au kwenye risiva yenyewe. Ondoa kisanduku sekunde chache huku transimita IMEZIMWA umechomoa na plagi yake, usikilize, utajua ni kipi kati ya viwili.

Dawa ni filta, sio kuondoa dayodi. Kama adui ni vituo vya masafa ya kati, weka kapasita 1500 pF njiani, koili ya 2 µH kwenda ardhini, 1500 pF nyingine njiani, baada ya rezista ya 10 kΩ na kabla ya relei. Koili ni mizunguko 20 kwenye pete nyekundu ya T50-2. Inakata kama desibeli 18 kwenye 1 MHz, na kwenye 3.5 MHz kwenda juu hupotezi kitu cha kusikika. Wa mita 160 haiwafai, itawapunguzia bendi yenyewe.

## Radi ni habari nyingine

Kwa waliopo Kampala, Mwanza, Kisumu na kote kuzunguka Ziwa Victoria mnajua radi za huko zilivyo. Kisanduku hiki hakizuii radi ikipiga antena. Hakuna kisanduku cha mezani kinachozuia. Ukisikia ngurumo chomoa koaksi, iweke nje ya dirisha ikiwa imeunganishwa na fimbo ya ardhi, sio imelala chini ya meza. Ukishaanza kuona umeme uko karibu, usiende kuchomoa, umechelewa, kaa mbali nayo.

Baada ya kila dhoruba, rudia vipimo vya hatua ya 5, relei ikiwa imepewa 12V. Tyubu ya gesi iliyofanya kazi sana inaweza kubaki imegusa, hapo utakuta waya wa kati hadi ardhi ni 0 na redio imekuwa kimya, itoe uweke nyingine. Na redio ikififia ghafla bila sababu, kabla ya kufungua risiva pima globu kwanza. Imekatika? Basi imefanya kazi yake, weka nyingine toka zile tatu ulizonunua, ila rudi upime hatua ya 2 kabla hujarusha tena, kwa sababu kuna kitu kimebadilika, labda waya wa antena umelegea ukasogea, labda jirani wa redio kaongeza nguvu. Globu za akiba zibandike kwa tepu ndani ya mfuniko wa kopo, pamoja na ile karatasi ya namba zako.